Vijidudu vya Ziwa Kivu na gesi isiyofika Masisi

Mwaka 1935 Mbelgiji Hubert Damas alipima maji ya Ziwa Kivu na ya Ndalaga, mojawapo ya maziwa ya Mokoto kule Masisi. Katika Kivu alikuta ajabu: kadiri kipimo kilivyoshuka, maji yalizidi kuwa ya vuguvugu na yenye chumvi, tena yamejaa gesi.

Nyingi ni kaboni dioksidi itokayo kwenye volkano, ndiyo ile ile mazuku inayotuama mabondeni pande za Sake na Goma na kuua mbuzi, hata mtoto aliyeteremka shimoni. Nyingine ni methani. Mwaka 1973 Deuser na Degens, watafiti waliofanya kazi Marekani, walitoa hoja kwamba sehemu kubwa yake imetengenezwa na vijidudu vinavyoichukua kaboni hiyo na kuiunganisha na haidrojeni, huko chini kusiko na mwanga wala oksijeni. Kusema kweli vijidudu hivyo si bakteria, ni arkea, ndugu zao wa mbali. Methani iliyolundikana ni kama kilomita za ujazo 60.

Wapika bia wa Gisenyi, upande wa Rwanda, hawakungoja maelezo. Tangu 1963 waliwasha moto kwa methani iliyovutwa ziwani huko Rubona. Bomba linateremshwa kilindini, maji yanavutwa kidogo tu, kisha gesi inafanya povu na kuyapandisha yenyewe, kama soda iliyotikiswa. Juu, gesi inaoshwa kwa maji ili kaboni dioksidi iyeyuke, methani inabaki.

Kuna bakteria wa kweli pia, huko Ghuba ya Kabuno, upande wa Sake. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwakuta mita 10 hivi chini ya maji, wakinasa kaboni kwa mwanga hafifu na chuma kilichoyeyuka, namna inayodhaniwa kuwa ya bahari za kale. Hawatoi nishati ya kupikia, lakini kwangu hao ndio wa ajabu zaidi.

Karongi, Rwanda, mtambo wa megawati 26 ulizinduliwa 2016. Huku kwetu Masisi chukudu, zile skuta za mbao, bado zinashusha magunia ya makaa ya kupikia kuelekea Goma. Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi mwaka 2022: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Sake, na Machi wakaingia Walikale mjini. Mwekezaji gani atateremsha bomba Kabuno wakati hajui kesho atazungumza na nani?