Waliotembea Vilima: Krismasi na Huruma katika Nchi ya Nyeri

Kwa mkulima wa Nyeri, Krismasi huja wakati mfuko umelegea. Bonasi ya chai ililipwa Oktoba na madeni yameimeza, karo ya Januari inasubiri mlangoni, na mahindi ya mvua za vuli bado hayajakomaa shambani. Hata hivyo, mwezi huo huo, wanajumuiya wa parokia hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya unga, sukari, sabuni na majani ya chai. Humpelekea shosho, bibi kizee anayeishi peke yake ukingoni mwa bonde, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Mathari, au mfungwa wa gereza la King'ong'o asiye na wa kumtembelea. Desturi hii ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na katika historia hiyo miguu ilitangulia zawadi.

Tarehe 28 Juni 1902, Wamisionari wa Konsolata wanne walifika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri wa Gakure. Walikuwa mapadri Tommaso Gays na Filippo Perlo pamoja na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda, wote wa shirika changa lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na Padri Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Waliwakuta watu waliokuwa wangali wakikumbuka njaa na ndui za mwishoni mwa karne ya 19. Punde Mathari, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ikawa ngome yao. Wengine nao walikuwa njiani: Waanglikana wakajenga Kahuhia mwaka 1906 na Kabare mwaka 1910, Waskoti wakashika Tumutumu karibu na Karatina mwaka 1908, Wamethodisti wakafika Kaaga, Meru, mwaka 1912.

Krismasi katika misheni hizo changa ilikuwa sikukuu ya uani. Watu waliitwa waje: ibada, nyimbo, michezo ya watoto, nyama, pengine kipande cha kitambaa kwa wanafunzi. Mgeni alikuwa mtoaji, mwenye nchi akawa mpokeaji. Lakini Wakikuyu walikuwa na sheria yao ya karamu kabla ya misheni yoyote: mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe, kwa umri na kwa ukoo, na jirani hapitwi. Naamini sikukuu hii iliota mizizi pale ilipotoka uani mwa misheni ikaingia chini ya sheria hiyo ya nyumbani.

Aliyeielewa njia ya kuingia nyumbani kuliko wengi alikuwa Sista Irene Stefani, mtawa wa Konsolata. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891. Siku chache baada ya Krismasi ya 1914 aliianza safari ya kuja Kenya. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeanza, naye akapelekwa kuwauguza wapagazi wa jeshi la Waingereza, Voi kwanza, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu, mbali na mama zao na bila kaburi lenye jina. Aliyoyaona katika hospitali hizo ndiyo yaliyomfinyanga.

Mwaka 1920 akatumwa Gikondi, Mukurwe-ini. Anayeijua Mukurwe-ini anajua maana ya kutembea huko: mgongo wa kilima, mteremko hadi mtoni, kisha mlima mwingine. Asubuhi alifundisha shule, halafu akashika njia kwenda kwa wagonjwa, kwa waliojifungua, kwa wazee. Watu wakampa jina la Nyaatha, mama wa huruma.

Kazi yake moja hainitoki akilini. Kodi ya nyumba ya serikali ya kikoloni ilikuwa imewasukuma vijana kwenda Nairobi, Mombasa na mashamba ya walowezi. Mama aliyebaki kijijini hakujua kusoma wala kuandika, na mwana akishaondoka alikuwa kama amemezwa na dunia. Sista Irene aliketi na akina mama hao, akaandika barua walizomtajia, akatafuta njia ya kumfikia kijana, na jibu likija akalipeleka mwenyewe na kulisoma. Haikumgharimu chochote ila karatasi, wino na nyayo zake, wala hakungoja Desemba. Ukiniuliza furaha ya Krismasi ilionekanaje Gikondi, nitakutajia mama anayesomewa habari kwamba mwanawe yu hai.

Mwaka 1930 tauni iliingia. Alimuuguza mgonjwa wake bila kujitenga, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, alitangazwa mwenyeheri mbele ya umati mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Miaka kumi baada ya kifo chake historia iligeuka. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, wamisionari Waitalia wakawa raia wa adui na wengi wakazuiliwa. Mzigo ukaangukia mapadri Waafrika wachache, makatekista, na Masista wa Maria Imakulata, shirika la wasichana wa hapa hapa lililoanzishwa Nyeri mwaka 1918. Miaka hiyo haisimuliwi vya kutosha. Mkono uliokuwa ukipokea ndio ulioendesha misheni.

Wakati huo huo Lejio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, ilikuwa imeenea Afrika Mashariki kwa juhudi za Edel Quinn, Mwairishi aliyefika mwaka 1936 na kufa kwa kifua kikuu Nairobi mwaka 1944. Kazi ya wiki ya mwanalejio ni kutembelea watu. Wangari Maathai, aliyesoma Mathari chini ya masista wa Konsolata tangu mwaka 1951, alikuwa mwanachama shuleni, na alieleza baadaye kwamba huko alifundishwa kumtumikia Mungu kwa kuwatumikia watu.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, Oktoba 1952, kupambana na Mau Mau. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikizungushiwa handaki na miiba. Kafyu ilikataza kutembea usiku, hivyo hata mkesha wa Krismasi ulikuwa na mipaka yake. Makanisa yalitoa chakula na dawa, na misaada hiyo iliwaokoa watoto. Lakini ni lazima tuseme ukweli: misheni nyingi zilisimama upande wa serikali, na mama ambaye mumewe alikuwa kizuizini Manyani au msituni na Mau Mau aliipokea huruma hiyo kwa moyo uliogawanyika. Zawadi ya mwenye nguvu kwa aliyefungwa ina uchungu ambao sala haiuondoi mara moja. Jeraha hilo lilihitaji majirani kutembeleana tena, yule wa msituni na yule wa homugadi, mlinzi wa upande wa serikali, na huenda katika familia fulani Krismasi ilikuwa nafasi ya kwanza ya kukaa meza moja.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa parokia, Nyeri ilikuwa na watu waliozoea kutembeleana. Wapresbiteri walikuwa na chama chao cha wanawake, Woman's Guild, tangu 1922, Waanglikana na Umoja wa Akina Mama. Hata leo, siku ya Krismasi, mukimo, njahi na chapati vikiwa vimeiva, mtu hutumwa na bakuli kwa jirani kabla wenyeji hawajala.

Siku hizi naona misafara ya misaada inayosimama dakika kumi, picha ikapigwa, gari likaondoka. Unga huo unalika na sitaudharau. Lakini shosho aliyetembelewa hivyo hajaulizwa mguu unaendeleaje wala mwana wa Nairobi amepiga simu lini. Huko ndiko Nyaatha angeanza.

Parokia zetu zina kazi ya haraka. Waliokulia katika vijiji vya 1954 sasa ni wazee sana, na waliosikia mama zao wakisimulia barua za Gikondi wamebaki wachache. Magazeti ya zamani ya *Wathiomo Mukinyu*, yaliyoanza kuchapwa na misheni ya Nyeri mwaka 1916, yanaweza kusomwa upya. Lakini wazee hawasomwi rafuni. Vijana wanaporudi nyumbani Desemba hii wana simu zinazorekodi sauti, nao wazee watakuwa wamekaa uani, wanaongea.