Kutoa Ruhusa Kulikuwa Rahisi

Ukiunda jedwali la mishahara kwenye hifadhidata, nani alisome, nani aongeze mistari, nani afute? Kwa muda mrefu jibu mara nyingi lilikuwa nywila: unayo, umeingia; huna, umebaki nje.

Watafiti wa IBM huko San Jose, California, waliokuwa wakijenga System R, moja ya hifadhidata za kihusiano za mwanzo kabisa, hawakuridhika na hilo. Septemba 1976 wawili wao, Patricia Griffiths na Bradford Wade, walichapisha utaratibu mwingine. Aliyeunda jedwali ndiye mwenyewe, na ndiye anayegawa haki zake, moja moja. GRANT ilikuwa ya kutoa, REVOKE ya kunyang'anya. Aliyepewa aliweza pia kuruhusiwa kuwagawia wenzake.

Kizungumkuti kilianzia hapo. Tuseme Asha, mwenye jedwali, amempa Juma. Juma akampa Neema. Neema naye akamrudishia Juma haki ile ile. Siku Asha anamnyang'anya Juma, Juma anasema anayo ya Neema. Neema naye anaapa anayo ya Juma. Wameshikiliana hewani, hakuna aliyekanyaga chini. Dawa ya Griffiths na Wade ilikuwa saa: kila ruhusa iliandikwa pamoja na wakati wake, na ikifutwa, mambo yawe kana kwamba haikutolewa kamwe. Juma alimpa Neema kabla ya Neema kumpa yeye, basi bila ile ya Asha hakuwa na cha kutoa. Zote zinaanguka. Mimi nauona ni ujanja wa kupendeza.

Lakini haukukamilika. Mwaka 1978 Ronald Fagin, wa maabara hiyo hiyo, alionyesha kwamba mfumo ulitunza kumbukumbu moja tu kwa kila aina ya ruhusa baina ya watu wawili, na kwa hiyo mtu angeweza kunyimwa haki anayostahili. Alitaka kila utoaji uandikwe, hata wa kurudia.

Ajabu ni kwamba kiwango cha kwanza cha SQL, lugha ya hifadhidata za kihusiano, kilichotoka 1986, kilikuwa na GRANT bila REVOKE, ingawa watengenezaji kadhaa wa hifadhidata walikuwa nayo tayari. REVOKE iliingia mwaka 1992, ikiwa na njia mbili: CASCADE, inayoporomosha mnyororo mzima, na RESTRICT, inayogoma kufuta kama kuna wengine wanaoitegemea haki hiyo. Saa ya akina Griffiths haikuingia. Kiwango kinauliza tu kama ipo njia inayotoka kwa Asha hadi kwa Juma.