Kibra au Kibera: Irabu Moja na Ekari 4,197

Ukishuka matatu pale Ayany, Nairobi, sikiliza jinsi watu wanavyolitaja jina la mtaa. Mwenye Dholuo kwao atalikata mwishoni, ulimi ukibaki umegandama kwenye paa la kinywa: Ayany. Aliyezaliwa na Kiswahili hawezi kuliacha neno likining'inia namna hiyo. Atalipa irabu ya kupumzikia: Ayanyi, au Ayani. Sauti yenyewe, hiyo *ny*, wote wanayo. Ni ileile ya nyumba na nyanya, ileile ambayo Wahispania huiandika kwa herufi ñ katika jina la nchi yao, España. Tofauti iko kwenye mahali pa kuiweka. Kihispania hakiiruhusu kufunga neno, Kiswahili pia hakiiruhusu, Dholuo kinairuhusu bila tatizo. Kila lugha ina sheria zake kuhusu sauti ipi ikae wapi, na hakuna bunge lililozipitisha. Wataalamu huita elimu ya sheria hizo fonolojia. Ndugu yake, fonetiki, huchunguza jinsi sauti yenyewe inavyoumbwa na midomo, ulimi na koo.

Mtaa huu wa Ayany unapakana na ugomvi wa fonolojia ambao sijui kama una wa kulingana nao katika Kenya yote. Ni ugomvi juu ya irabu moja. Barabara inayopita hapa inaandikwa Kibera Drive. Mahakama iliyo umbali wa kutembea kwa miguu ni Mahakama ya Kibera. Lakini mbunge anayetuwakilisha ni mbunge wa Kibra. Serikali moja, mahali pamoja, majina mawili. Mgeni ataona ni kosa la mwandishi wa mabango. Wanubi wa Makina, kijiji cha hapa Kibra, hawaoni hivyo. Kwao, ile *e* iliyojipenyeza kati ya *b* na *r* iliingia pamoja na watu, karatasi na mipaka iliyowapunguzia ardhi.

Historia ya Wanubi nitaipitisha haraka, kwa kuwa imeandikwa mara nyingi. Wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Misri kusini mwa Sudan, katika jimbo la Ikweta lililokuwa chini ya Emin Pasha. Baada ya Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, kuiteka Khartoum mwaka 1885, walibaki wametengwa kusini. Mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawaandika kazini. Walipigania Uganda, baadhi wakaasi mwaka 1897, na waliosalia wakaingia katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902. Tangu mwaka 1904 hivi waliostaafu waliruhusiwa kuishi kwenye msitu uliokuwa kando ya Nairobi, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi: ekari 4,197. Msitu huo waliuita Kibra, neno ambalo katika lugha yao maana yake ni pori.

Lugha yao ni Kinubi. Hapa ndipo nataka tukae.

Wengi wetu majirani tumezoea kusema kwamba Wanubi wanaongea Kiarabu kilichoharibika. Si kweli, na ni maneno yanayoumiza. Mjerumani Bernd Heine alikichunguza Kinubi cha hapa Nairobi, na kitabu chake cha mwaka 1982 ndicho nilichokitegemea zaidi katika makala haya. Heine anakiita krioli, yaani lugha kamili iliyozaliwa pale watu wa lugha nyingi walipolazimika kuishi pamoja. Katika kambi zile za kijeshi za karne ya 19 amri zilitolewa kwa Kiarabu cha Sudan, lakini waliozipokea walikuwa Wabari, Wamoru, Walugbara, Wadinka, Waalur na Walendu. Walikitwaa Kiarabu, wakakipitisha kwenye vinywa vyao. Watoto waliozaliwa kambini hawakujua kwamba wazazi wao walikuwa wakijifunza lugha ya watu. Waliisikia, wakaiona yao, wakaipa sheria.

Na sheria zenyewe zinasomeka waziwazi kwa anayetega sikio. Kiarabu kina sauti zinazotoka ndani kabisa ya koo, ile *ayn* na ile *ha* nzito, na kina konsonanti nzito zinazotamkwa kwa kuurudisha ulimi nyuma. Zote hizo Kinubi kiliziacha Sudan. Chukua hesabu: wai, tinen, talata, arba, kamsa, sita, saba, tamanya, tisa, ashara. Msomaji wa Kiswahili ameshatambua sita, saba na tisa, kwa sababu sisi pia tulizichota kisima kilekile, na sisi pia tuliitupa *ayn* ya mwisho wa saba na tisa. Sasa tazama tano. Mwarabu husema *khamsa*, kwa sauti ya kukwaruza koo. Sisi tuliilainisha ikawa *h*, ndiyo maana tuna hamsini na Alhamisi. Mnubi aliikaza ikawa *k*: kamsa. Sauti moja ilifika kwenye milango miwili, na kila mwenye nyumba akaivika nguo zake.

Jambo hilo si la Afrika peke yake. Waarabu walitawala sehemu za Uhispania kwa karne nyingi, na neno lao *hattaa*, ambalo kwetu ni "hata", lilibaki huko likawa *hasta*. Mhispania huandika ile *h* wala haitamki. Amehifadhi kaburi la sauti ndani ya tahajia.

Kuna maneno ambayo mtoto wa Kibra anayekulia kati ya Kinubi na Kiswahili lazima ayapange kichwani mapema. *Moyo* kwa Kinubi ni maji. Moyo wetu sisi, unaopenda na kuogopa, wao huuita *gelba*, kutoka *qalb* ya Kiarabu, kwa *g* ya Kisudani. *Jua* kwao ni nyumba. Ukimsikia nyanya wa Makina akiomba moyo, mletee kikombe.

Lakini kilichonishangaza kuliko yote ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, hata hatuufikirii. Walimu wana mfano mmoja wa kuonyesha kwamba unaweza kubadili maana: barabara. Ukikaza BA ya pili kutoka mwisho, unataja njia ya magari. Ukikaza RA iliyo kabla yake, unasema jambo liko sawasawa. Baada ya hapo mwalimu huhangaika kutafuta mfano mwingine. Katika Kinubi mkazo ni mfanyakazi wa kila siku. KAsulu ni kuosha. Sogeza mkazo mbele, kaSUlu, na unataja tendo lenyewe la uoshaji. Usogeze hadi mwisho, kasuLU, na sasa nguo zimeoshwa. Sisi hutumia viambishi kuondoka kwenye "osha" hadi "oshwa". Mnubi hupandisha sauti tu.

Wahispania wana jambo linalofanana na hili. *Término* ni kikomo, *termino* ni namaliza, *terminó* ni alimaliza. Herufi zilezile, mkazo ukikalia silabi tatu tofauti. Tofauti ni kwamba Mhispania ana alama ndogo ya kumwongoza msomaji, ana kamusi, ana Chuo cha Kifalme cha Lugha kilichoanzishwa mwaka 1713 kumwambia alama hiyo ikae wapi. Kinubi hakifundishwi katika shule zetu, na mkazo wake unaishi hewani. Wataalamu hata hawajakubaliana kama ni mkazo au ni toni. Mholanzi Carlos Gussenhoven aliandika mwaka 2006 kwamba Kinubi kiko katikati ya hivyo viwili. Ineke Wellens, aliyekichunguza Kinubi cha Uganda, alichapisha kitabu kizima mwaka 2005. Kazi hizi zilichapwa Ulaya. Mtoto wa Kibra, awe wa Karanja au Makina, anayetaka kujua jinsi lugha ya nyanya yake inavyofanya kazi anapaswa kwanza ajue Kiingereza cha wanaisimu.

Turudi kwenye ile *e*.

Jibu la haraka la watu ni kwamba ulimi wa Kibantu hauwezi *br*. Lina ukweli ndani yake. Kiswahili hupenda silabi ya konsonanti na irabu, na maneno ya Kiarabu yaliyokuja na konsonanti mbili zilizogandamana yalipasuliwa katikati. *Qabr* ikawa kaburi. *Kibr* ikawa kiburi. *Bahr* ikawa bahari, *waqt* ikawa wakati. Fikra bado inabishana na fikira mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisema Kibra imepasuliwa ikawa Kibera kwa njia ileile, anasema jambo la busara.

Ila angalia vizuri. Katika kaburi na kiburi, irabu iliyoingizwa ni *u*. Haikuja kwa bahati. *B* hutamkwa kwa midomo, na irabu inayopenda midomo ni *u*, basi konsonanti ikaiita jirani yake. Kwa mwendo huo tungetarajia Kibura. Hiyo *e* ilitoka wapi? Rai yangu, na naitoa kama rai, ni kwamba ilitoka kwenye kalamu zaidi ya ulimi. Karani wa kikoloni aliyezoea Kiingereza akisikia *b* na *r* na kivuli cha irabu kati yao, mkono wake huandika *e*. Ilipoingia kwenye ramani, ikaingia kwenye jina la barabara, ikaingia kwenye kitabu cha Heine mwenyewe, ambacho jalada lake limeandikwa Kibera ingawa kimejaa sauti za watu wanaosema Kibra. Waliokuja mjini baadaye waliikuta imeandikwa, wakaisoma ilivyoandikwa.

Kwa haki ya pande zote niseme pia kwamba Wanubi wenyewe si wageni wa kuongeza irabu. *Kasulu* ilitokana na *ghasal* ya Kiarabu isiyo na *u* hata moja. Ndani ya Kibra kuna Kambi Aluru, iliyopewa jina la askari Waalur, na *u* ya mwisho ilibandikwa hapahapa. Kuna Kambi Muru ya Wamoru na Kambi Lendu ya Walendu. Majina hayo ni daftari la kikosi lililoandikwa juu ya ardhi. Wenye lugha waliopasua na kurefusha maneno ya kila mtu waliiacha Kibra ikiwa nzima, *b* na *r* zikigusana. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito. Neno ambalo jamii nzima imekataa kulilainisha kwa zaidi ya miaka mia moja lina sababu ya kukaa hivyo.

Mwanahistoria Timothy Parsons alipoandika mwaka 1997 kuhusu urithi wa askari hao, aliweka kwenye kichwa cha makala yake kauli kwamba Kibra ni damu yetu. Kauli hiyo haina *e*, ingawa kichwa hichohicho kinataja pia Kibera. Ndani ya makala hayo unasoma jinsi utawala wa kikoloni ulivyojaribu tena na tena kuwahamisha Wanubi, nao wakakataa kwa hoja kwamba ardhi ile ilikuwa malipo ya utumishi wao. Serikali ilikuwa na jina lake, wao walikuwa na lao.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Mitaa ya nyumba za kudumu ilijengwa, Ayany ukiwemo, na watu wa kila kabila wakaja, wengi wao wakiwa na shida kubwa kuliko za Wanubi. Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ikafika na sheria zake, ikafanya kinyume cha Kiswahili: ikakata mwisho wa neno na kuliacha lifungwe na konsonanti, ndiyo maana kijana wa hapa atakuambia anatoka Kibich. Uchaguzi wa mwaka 2013 ulikuwa wa kwanza kwa eneo bunge linaloitwa rasmi Kibra, lililomegwa kutoka Lang'ata. Juni 2017 Wanubi walikabidhiwa hatimiliki ya jamii. Ekari 4,197 za mwaka 1918 zilikuwa zimebaki 288.

Jina walirudishiwa kabla ya ardhi, na jina lenyewe nusu nusu, kwa sababu mahakama bado ni ya Kibera. Kubadili bango hakugharimu ekari hata moja. Nairobi ina idara za isimu katika vyuo vikuu vyake, na Makina unafika kwa matatu moja. Ni aibu kwamba anayetaka kusikia Kinubi kikielezwa lazima aagize kitabu kutoka Ulaya.

Msomaji wa Makina, wa Karanja, wa Kambi Muru, simu unayo mkononi. Kaa na nyanya yako jioni hii, umrekodi akihesabu kutoka wai hadi ashara. Kisha mwombe aseme kasulu mara tatu, kwa maana zake zote tatu.