Mguu ule ule, majina tofauti

Mjomba wangu wa Dongobesh alipata polio utotoni. Mguu haujabadilika tangu hapo, ila majina yamebadilika. Likizo iliyopita tuliyahesabu pamoja.

La kwanza ni kiwete. Wadau, mmeshawahi kuona kwamba kiwete, kipofu, kiziwi na kilema wako ngeli moja na kiti na kijiko? (Najua, hata kiongozi yumo. Walimu wa Kiswahili msinirukie.)

Akawa mgonjwa. Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, ndiyo tegemeo la watu wa huku, na macho ya hospitali ni macho ya hospitali: tatizo liko mguuni, tibu mguu. Mjomba halalamiki, alipata magongo.

Halafu ukaja mwaka 1982. Bunge lilipitisha sheria mbili. Moja ilitaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi atenge asilimia 2 ya nafasi kwa wenye ulemavu. Jamani, Dongobesh ya mahindi na ng'ombe, nani alikuwa na wafanyakazi 50? Sheria ya pili ilihusu matunzo, na mzigo mkubwa ukaangukia familia. Yaani bibi yangu. Jina la enzi hizo: asiyejiweza. Anayelima ekari mbili kwa magongo!

Wakati huo huo Uingereza, wanaharakati wenye ulemavu walikuwa wanasema kinyume: mwili una kasoro yake, lakini anayemlemaza mtu ni jamii. Mwaka 1983 Mike Oliver, msomi aliyetumia kiti cha magurudumu, aliuita mtazamo wa kijamii. Nilipomweleza mjomba alicheka. "Mwambie baridi ya Mbulu mwezi wa saba haitokani na jamii, mwanangu."

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009, ikatunga sheria mpya mwaka 2010. Sasa mjomba ni mtu mwenye ulemavu, mwenye haki, ikiwemo ya kuingia kwenye majengo ya umma.

Basi tukaenda ofisi moja, siitaji. Ngazi tano, hakuna njia nyingine. Karani alitoka mwenyewe, kwa heshima zote, akamsikiliza mjomba pale nje kwenye foleni. Mjomba akauliza habari za afya ya karani, akauliza mvua, akaaga. Alikuwa amekuja kushtaki mpaka wa shamba, na jirani anayemshtaki alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ile.