Darubini ya bunduki: Ukuzaji mkubwa si hoja

MWINDAJI mwenye leseni anayechagua darubini ya bunduki kwa ajili ya pongo, mnyama apendaye vichaka, hana budi kuzisoma kwanza namba zake. Yenye alama 3-9x40 hukuza taswira mara 3 hadi 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40.

Ikikuza mara 4, mwali wa mwanga unaolifikia jicho huwa na upana wa milimita 10. Ikikuza mara 9, hupungua hadi 4.4. Kwa hiyo jioni shabaha hufifia, na risasi huweza kujeruhi badala ya kuua.

Jirani na Songambele, mkoani Kagera, mapori ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi za taifa, ambamo uwindaji ni marufuku.