Mechi za kileleni, viwanja vya chini

Tarehe 26 Septemba 2014, kundi la wachezaji wa kriketi lilitandika mkeka wa kuchezea ndani ya kreta ya Kibo, mlimani Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari, likapiga wiketi chini na kuanza mechi. Miongoni mwao walikuwamo Makhaya Ntini wa Afrika Kusini, na Ashley Giles, Clare Connor na Heather Knight wa Uingereza. Rekodi ya dunia ya kriketi ya juu zaidi ilikuwa imewekwa Gorak Shep, Nepal, mwaka 2009, kwenye mita 5,165. Siku hiyo ikahamia Kilimanjaro. Mkeka, magongo, wiketi, mahema na chakula, kama ilivyo kwa kila safari ya mlimani, vilipanda migongoni na vichwani mwa wapagazi.

Mechi ile ilikuwa changizo. Fedha zake ziligawanywa sehemu tatu: utafiti wa saratani Uingereza, uhifadhi wa wanyamapori kupitia shirika la Tusk, na mfuko wa kujenga uwanja wa kriketi Rwanda. Sehemu hiyo ya tatu inastahili sisi wa Moshi tuitazame kwa makini. Mlima ni wetu na wapagazi ni ndugu zetu, lakini uwanja ulijengwa Kigali. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Ukifuatilia jinsi Wanyarwanda walivyofika pale, utaona walistahili kila senti.

Kriketi ya Rwanda ni changa mno. Ililetwa na waliorudi nyumbani baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watu waliokulia uhamishoni Uganda, Kenya na hapa kwetu, wakajifunza mchezo huo mashuleni. Chama chao kiliundwa 1999. Kwa miaka mingi walikuwa na uwanja mmoja tu, kwenye eneo la shule ya ufundi ya Kicukiro. Ni shule ile ile ambayo Aprili 1994 Watutsi zaidi ya 2,000 waliikimbilia kwa sababu askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji walikuwa wamepiga kambi hapo. Askari walipoondoka tarehe 11, watu wale waliachwa mikononi mwa wauaji. Katika ardhi hiyo vijana wa Rwanda walijifunza kushika gongo.

Wakatafuta ardhi Gahanga, pembezoni mwa jiji la Kigali, na mfuko wa kuchangisha ukaanzishwa. Wenyeji nao hawakukaa kungojea wageni wamalize kazi. Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, aliingia kwenye nyavu za mazoezi na kupiga mipira kwa saa 51, akavunja rekodi ya dunia ili michango ipatikane. Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2017. Jengo lake limefunikwa kwa matao matatu membamba ya vigae vya udongo wa hapo hapo, yaliyochorwa kufuata njia ya mpira unaodunda, na mikono ya mafundi wa Rwanda ndiyo iliyoyajenga.

Kilichofuata kinatuhusu moja kwa moja. Septemba 2022, huko Botswana, wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 walikutana na wasichana wa Tanzania katika fainali ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Rwanda wakashinda. Januari 2023 wakaenda Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wasichana wa umri huo, wakawafunga Zimbabwe na West Indies. Ikumbukwe kuwa Tanzania ilikuwa na wachezaji katika timu ya Afrika Mashariki iliyocheza Kombe la Dunia la kriketi la 1975, wakati Rwanda haikuwa hata na gongo. Tulitangulia kwa miongo, tukapitwa na waliopata uwanja na makocha wa kushinda na watoto kila wiki.

Mechi nyingine ya kileleni ilifanyika tarehe 24 Juni 2017, ya soka la wanawake. Wachezaji kutoka mataifa mengi, waliokusanywa na kampeni ya Equal Playing Field, walicheza dakika 90 kamili, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kwenye mita 5,714. Ikaisha suluhu. Walitaka dunia iwasikilize kuhusu ubaguzi wanaofanyiwa wasichana katika mpira, na mwaka uliofuata wakaenda kucheza Bahari ya Chumvi huko Jordan, mahali pa chini kabisa duniani. Wazo lao naliheshimu sana. Lakini mechi ya kileleni haiachi kitu pale ilipochezwa, wala haipaswi kuacha. Lile ni eneo la hifadhi. Kama itaacha kitu, itakiacha chini, kwenye shule na vijiji. Na huko chini kuna historia nyingine ya misaada, isiyo na kamera nyingi.

Teremka upande wa magharibi, kule Siha, hadi Sanya Juu. Shule ya sekondari ya Sanya Juu ni miongoni mwa shule zilizopeleka vijana kwenye mashindano ya besiboli yaliyopewa jina la Tanzania Koshien. Koshien ni uwanja wa Japani uliojengwa 1924, na kwa Wajapani jina hilo ni mashindano ya shule za sekondari yaliyoanza 1915 na ambayo taifa zima huyafuatilia kila kiangazi. Aliyelileta wazo hilo Tanzania ni Shinya Tomonari, mtumishi wa shirika la misaada la Japani, JICA. Alikwisha kuufundisha mchezo huo Ghana katika miaka ya 1990, na alipohamia Dar es Salaam 2012 akaanza na wanafunzi wa Azania na Kibasila. Vijana wa Kijapani waliokuja kujitolea kama walimu wakausogeza mchezo mikoani.

Besiboli ni mchezo mgumu kuuotesha kwetu, na ugumu wenyewe ni wa vifaa. Soka inaanza na chandimu ya makaratasi na mawe mawili ya goli. Netiboli inahitaji mpira mmoja na pete mbili za chuma, ndiyo maana ilienea kila shule ya msingi. Besiboli inadai glavu kwa kila mmoja wa wachezaji tisa walio uwanjani, gongo, mipira ya ngozi inayochakaa upesi, barakoa na kinga ya kifua kwa mdakaji. Viatu vya mpira utavichagua kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Glavu ya mdakaji si rahisi kuiona hapo. Hivyo mchezo wote umetegemea vifaa vilivyotumika na kutolewa na Wajapani. Kijana akihitimu anaiacha glavu shuleni kwa anayemfuata, na ikipasuka hakuna duka la kukimbilia.

Hatua iliyobadilisha mambo haikuwa shehena nyingine ya glavu. Mwaka 2018, kwenye eneo la Azania, ulifunguliwa uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa serikali ya Japani. Tangu hapo mashindano yakawa na makao, na kocha akawa na mahali ambapo hatimuliwi na mechi ya soka. Mwaka 2022 taasisi aliyoianzisha Tomonari ikatangaza mpango wa kueneza mashindano ya namna hiyo katika nchi 55 za Afrika, na nyota wa zamani Hideki Matsui, aliyevaa jezi namba 55, akauunga mkono. Sanya Juu imeonyesha kwamba kijana wa mlimani anaweza kuumudu mchezo ambao babu yake hakuwahi kuusikia. Kinachobaki ni nani ataulea mchezo huo mwalimu wa kujitolea akishapanda ndege kurudi kwao.

Swali hilo Mkoa wa Kilimanjaro ulikwisha kuulizwa, tena na Wajapani hao hao, katika mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, kule Chekereni na Mabogini, ulikamilika 1987, na mavuno yakapanda hadi zaidi ya tani 6 kwa hekta. Wakulima wa juu ya mradi wakaona, wakaiga, wakaanza kulima mpunga kwa maji yale yale. Maji yakapungua kwa walio chini, na eneo la mpunga ndani ya mradi likasinyaa. Ujuzi ulienea vizuri kuliko ilivyopangwa. Kilichokosekana ni makubaliano ya wenyeji wenyewe juu ya rasilimali moja wanayoigombea.

Katika michezo, rasilimali hiyo kwetu ni ardhi tambarare. Mlimani kihamba, yaani shamba la ukoo, kinapakana na kihamba, kahawa chini ya migomba, korongo linafuata. Sehemu nyingi, pa kuchezea ni kwenye eneo la shule au la misheni. Wakatoliki walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame 1893. Waliokuja baada yao kujenga shule waliacha na viwanja. Leo kiwanja cha shule ndicho cha kwanza kumegwa linapotakiwa darasa, zahanati au fremu za maduka. Mfadhili anaweza kuleta magongo kutoka Osaka, lakini hawezi kuleta ekari mbili za ardhi iliyonyooka Kibosho.

Wala si kweli kwamba watu wa mlima huu hawajui kujichangia. Chama cha wakulima wa kahawa kiliundwa 1925, chama cha ushirika cha KNCU kikafuata 1933, na fedha za kahawa zikasomesha kizazi kizima. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi 1963, na leo ni chuo kikuu. Uwanja wa Ushirika, ambapo Polisi Tanzania walicheza Ligi Kuu na ambapo Kilimanjaro Marathon huanzia na kuishia, unabeba jina la kazi hiyo.

Kwa hiyo naweka maombi mawili. La kwanza kwa mgeni anayepanda Kibo kuchangisha fedha za michezo: kabla hujarudi nyumbani, pita shule moja ya kata njiani, uliza mwalimu wa michezo anahitaji nini, na mlipie mafunzo yake pamoja na vifaa. La pili ni kwetu wenyewe. Kila Desemba maelfu hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kurudi nyumbani, na kamati za michango hukaa karibu kila kijiji. Harusi, kanisa na barabara vitazungumzwa. Wekeni na kiwanja cha shule kwenye ajenda: kipimwe, kisajiliwe kwa jina la shule, kisawazishwe, na mwalimu mmoja agharimiwe kusomea ukocha. Mwenyekiti wa kamati akisema zamu hiyo ni ya mwakani, mkumbusheni kwamba ardhi inamegwa mwaka huu.