Kichwa Kilichobanwa: Bujumbura katika Enzi ya Setilaiti

Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ya Bujumbura ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi, na kila baiti ilikuwa ghali. Mwaka 1990 Van Jacobson alikwisha kuonyesha kuwa kichwa cha pakiti chenye baiti 40 huweza kubanwa hadi baiti 3 hivi, kwa kutuma tu tofauti yake na kichwa kilichotangulia. Mwanaisimu ataitambua mbinu hiyo: kiambishi ki- katika “kimepotea” hutosha, mradi msikilizaji alikwisha kusikia “kitabu”. Lakini mbinu hiyo ilibuniwa kwa laini za simu. Katika setilaiti, mvua ikidhoofisha mawimbi na pakiti moja ikapotea, zinazoifuata hukosa rejeo na kutupwa. Safari ya kwenda na kurudi peke yake huchukua takribani nusu sekunde. Kwa hiyo tathmini ya sera inayohesabu baiti zilizookolewa pasi na pakiti zilizotupwa haitoshi. Marekebisho yalianza mwaka 1999. Kanuni za ROHC, zinazostahimili upotevu, zilitolewa mwaka 2001 kwa ajili ya sauti. Za TCP zilichelewa hadi 2007, miaka miwili tu kabla ya nyaya kufika Mombasa na Dar es Salaam, ambako Bujumbura ingefikia kwa kupitia nchi jirani.